Miti Miwili ya Kilwa na Ugumu wa Kutangaza Kutoweka

Mwaka 1998 ilichapishwa orodha ya dunia ya miti iliyo hatarini, na mti mmoja wa mkoa wa Lindi ukaandikwa humo kuwa umetoweka. Jina lake la kisayansi ni Erythrina schliebenii, wa jenasi moja na mbamba-ngoma: shina lina miiba mikali, maua ni mekundu ya kuwaka. Miaka mitatu baadaye, 2001, watafiti wakaukuta umesimama katika misitu ya Wilaya ya Kilwa. Mwaka 2008 sehemu ulikoonekana ikafyekwa kupisha shamba la mazao ya nishati, na hofu ikarudi kwamba safari hii umekwisha kweli. Mwaka 2011 wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaupata tena, na mwaka huohuo wakaupata huko Kilwa mti mwingine ambao nao ulidhaniwa umepotea, Karomia gigas.

Huu wa pili una historia fupi na ya kutisha. Sayansi iliutambua mwaka 1977 katika pwani ya Kenya, na haukupita muda mrefu mti ule ukakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana Tanzania, kilomita zipatazo 600 kusini ya pale, kisha kimya tena mpaka 2011. Leo miti yote miwili imo katika daraja la juu kabisa la hatari, lile la spishi zilizo hatarini sana kutoweka.

Habari hizi husimuliwa kwa furaha, na furaha hiyo ni halali. Lakini zinapaswa kutusumbua pia. Ikiwa mti mrefu wenye maua mekundu unaweza kutangazwa kuwa haupo tena duniani nao upo, tunazipima vipi spishi nyingine ndogo na zisizovutia macho? Tathmini inasema nini hasa inapoiweka spishi katika daraja fulani, na inanyamazia nini?

Vipimo vyenyewe havina siri. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake IUCN, umekuwa ukitunza Orodha Nyekundu tangu 1964, na vigezo vinavyotumika sasa vilipitishwa mwaka 2000. Spishi hupimwa kwa njia tano: kasi ya kupungua, ukubwa wa eneo inakopatikana, idadi ndogo inayoendelea kupungua, idadi ndogo mno hata kama haipungui, na hesabu za uwezekano wa kutoweka katika miaka ijayo. Ikitimiza kiwango cha njia moja tu, inatosha. Hiyo Erythrina inakamatwa na njia ya nne bila hoja ndefu. Tathmini iliyotangazwa 2012 ilikadiria miti iliyokomaa kuwa chini ya 50, na chini ya 50 ndiyo mpaka wa daraja la juu kabisa. Hapo hakuna haja ya kuthibitisha kwamba inapungua. Uchache wenyewe ni hatari, kwa kuwa moto mmoja au kibali kimoja cha kufyeka kinaweza kumaliza yote.

Kutangaza kutoweka ni jambo la aina nyingine kabisa. Kanuni inataka pasiwe na shaka ya msingi kwamba kiumbe wa mwisho amekufa, na inataka utafutaji wa kina uwe umefanyika katika makazi yanayojulikana na yanayotarajiwa, kwa misimu inayofaa, kwa muda unaolingana na maisha ya kiumbe chenyewe. Kwa mti unaoishi miongo mingi, hilo ni sharti zito. Sasa tazama ushahidi uliokuwepo kuhusu mti wa Lindi. Mjerumani Hans-Joachim Schlieben, aliyekusanya mimea Tanganyika kati ya 1930 na 1935, alichukua sampuli karibu na Ziwa Lutamba. Baada ya hapo, kimya. Kimya hicho ndicho kilichosomwa kama kifo.

Lakini kimya cha nani? Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, msafiri wa Kilwa, Lindi au Mtwara alitegemea kivuko cha Ndundu, na mvua zikikolea barabara ya kusini ilikatika. Mkusanyaji wa mimea mwenye wiki tatu na gari la kuazima alikuwa na sababu nzuri za kuelekea Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambako njia zinapitika na orodha za mimea tayari ni ndefu. Ndiyo maana ramani ya mimea yetu adimu, kwa sehemu kubwa, ni ramani ya wataalamu walikoweza kufika. Nukta nyingi hufuata barabara na vituo vya utafiti. Sehemu tupu ya ramani inaweza kuwa imekosa mmea, au imekosa mtu wa kuutafuta, na karatasi peke yake haiwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Karatasi nazo zina misiba yake. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliteketeza hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Berlin, mahali zilipowekwa sampuli nyingi sana za enzi ya ukoloni wa Kijerumani na miaka iliyofuata. Spishi nyingi za Tanganyika zilielezwa kwa sampuli za pale. Kilichonusurika ni nakala zilizokuwa zimegawiwa hifadhi nyingine kabla ya vita. Kwa hiyo mtathmini wa leo, akiwa Arusha au Nairobi, mara nyingine hujenga hoja yake juu ya tawi moja lililogandishwa kwenye karatasi, lenye kibandiko kidogo kwenye kona: jina la mkusanyaji, namba yake, mwezi, mwinuko kutoka usawa wa bahari, na maneno machache kuhusu mahali. Mahali penyewe pameandikwa kwa umbali wa kukisia kutoka mji au ziwa. Kabla hata ya kuingia msituni, lazima aamue alama hiyo ataiweka wapi kwenye ramani. Akikosea kwa kilomita kumi, timu itatafuta kwa uaminifu mkubwa katika msitu usiohusika.

Tuseme sasa timu imefika penyewe na miti imeonekana. Hapo ndipo watu wengi hudhani kazi imebaki kuhesabu tu, na hapo ndipo mambo huwa magumu kwelikweli.

Cha kwanza ni nani anahesabiwa. Vigezo vinataka wale waliokomaa, yaani wenye uwezo wa kuzaa, na vinasema wazi kwamba asiyeweza kuleta kizazi kipya asihesabiwe. Kwa Karomia sharti hili linauma. Mti huu ni wa jamii ya mrehani na msaji, na tunda lake limezungukwa na kikombe cha ua kilichopanuka kama sahani nyepesi inayobebwa na upepo. Matunda hutokea, ila mengi huwa matupu au yameshambuliwa na kuvu, na miche chini ya miti mikubwa ni adimu. Ukipita haraka utaandika idadi ya mashina makubwa na kuondoka. Ukipiga magoti na kupekua majani makavu, ukapasua matunda kumi na kutazama ndani, unaweza kugundua kwamba idadi unayopaswa kuandika ni ndogo kuliko ya mashina. Kazi hii ya kupiga magoti ndiyo inayoonyesha kama spishi ina kesho, na ndiyo inayokatwa kwanza bajeti ikipungua.

Pili ni eneo. Kanuni hupima eneo linalokaliwa kwa kuchora miraba ya kilomita mbili kwa mbili na kuhesabu ile yenye mmea. Kila mraba ni kilomita 4 za mraba. Mpaka wa daraja la juu kabisa ni chini ya kilomita 10 za mraba. Chukua mfano wa kubuni: mti wenye shina moja tu katika kila kimoja cha vipande vitatu vya msitu vilivyo mbalimbali. Miraba mitatu inatoa kilomita 12 za mraba, na kwa kipimo hiki peke yake mti huo unashuka daraja, ingawa mashina yote matatu yangetosha kwenye ua wa nyumba moja. Kanuni haijakosea. Inahitaji kipimo kinachoweza kulinganishwa kati ya mti wa Kilwa na mti wa Brazili. Ila anayesoma tarakimu bila kujua zilivyopatikana atadhani mti una ardhi ambayo hauna.

Tatu, na kwangu hili ndilo muhimu zaidi kwa misitu ya pwani, ni maana ya mahali. Katika vigezo, mahali pamoja ni eneo ambalo tishio moja linaweza kuwapata wote waliomo kwa mkupuo. Vipande viwili vya msitu vilivyotenganishwa na mto vinaweza kuwa mahali pamoja ikiwa vyote vimo katika ardhi ileile ambayo mwekezaji anaiomba. Kinyume chake, msitu mmoja unaweza kuwa mahali pawili ikiwa nusu yake ni hifadhi ya serikali na nusu ni ardhi ya kijiji inayofunguliwa kwa mashamba ya ufuta. Hapa botania haitoshi. Mtathmini anapaswa kujua mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji unasema nini, moto huanzia wapi kila kiangazi, bei ya ufuta ilikuwaje msimu uliopita, magogo yanapitia njia gani. Mambo haya anayajua mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji kuliko ofisi yoyote ya mbali.

Picha za setilaiti zimesaidia sana, nami sitaki kuzidharau. Zinaonyesha kipande cha msitu kilivyokuwa 2000 na kilivyo leo, na vigezo vinaruhusu kupungua kwa spishi kukadiriwa kutokana na kupungua kwa makazi yake. Lakini setilaiti inaona mwavuli wa majani. Mkataji anayechagua mti mmoja mmoja kwa mbao huacha msitu ukionekana mzima kutoka juu. Na msimu una uzito wake: miti mingi ya jenasi ya mbamba-ngoma hupukutisha majani na kuchanua ikiwa mitupu, basi anayepita wakati wa maua huiona kwa mbali, na anayepita baada ya mvua huipita bila kujua. Ripoti inayosema mti haukuonekana inapaswa kusema ulitafutwa mwezi gani, na timu ilikanyaga njia zipi. Kutoonekana nako ni taarifa, kama kumeandikwa sawasawa.

Kuna fundo jingine linalotangulia vipimo vyote: spishi yenyewe ni ipi? Mfano ulio karibu nasi ni Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalopamba madirisha Ulaya na Marekani, ambalo asili yake ni milima na misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya. Baron Walter von Saint Paul-Illaire alituma mimea hiyo Ujerumani mwaka 1892, na biashara kubwa ya maua ikazaliwa. Kwa miongo kadhaa zilitajwa spishi zipatazo 20, nyingi zikijulikana kutoka mlima mmoja au korongo moja. Uchambuzi wa mwaka 2006 ulizipunguza kuwa 6, na nyingi ya zile za zamani zikawa nususpishi za Saintpaulia ionantha. Baadaye hata jenasi yenyewe iliunganishwa na Streptocarpus. Hakuna jiwe wala jani lililosogea Usambara, lakini mimea iliyokuwa spishi adimu za kujitegemea ikawa sehemu ya spishi moja iliyotawanyika zaidi, ambayo ikipimwa kwa jumla haionekani taabani vile. Nususpishi zinaweza kupimwa peke yake, na kwa maoni yangu zinapaswa kupimwa. Ua lililobaki kwenye mwamba mmoja wenye kivuli lina haki ya kuangaliwa pale lilipo, hata wataalamu wakiendelea kubishana kuhusu jina.

Wingi nao hudanganya upande wa pili. Katika nyanda za juu kusini, viazi vya okidi za porini vimechimbwa kwa wingi na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hutengenezwa chikanda, chakula chenye wapenzi wengi. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa 2005, sehemu kubwa kwa ajili ya maua yake, na okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini. Okidi hizi hazihesabiki kwa vidole kama miti ya Kilwa. Hatari yake ni kasi: kiazi kikichimbwa, mmea wote umekwenda. Spishi yenye maelfu kwa maelfu inaweza kustahili daraja la hatari ikiwa imepungua kwa nusu katika miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea kipi ni kirefu zaidi. Ili kuliona hilo unahitaji hesabu ya zamani ya kulinganisha, na hesabu hiyo mara nyingi haikufanywa wakati mmea ulipokuwa umejaa. Mazoea yetu ya kuanza kuhesabu baada ya kuona uchache yanawanyima watathmini kitu ambacho pesa za baadaye haziwezi kununua.

Kwa nini yote haya yawe na uzito kwa mtu asiye mtaalamu? Kwa sababu daraja huleta au huondoa msaada. Tathmini ya dunia ya miti iliyotolewa 2024 ilionyesha kwamba kati ya spishi zaidi ya 47,000 zilizopimwa, asilimia 38 zinakabiliwa na hatari ya kutoweka. Katika msururu mrefu hivyo, fedha huelekezwa kwa zile zilizoandikwa vizuri. Mti ulioandikwa kuwa umetoweka hauna mlinzi, hautajwi katika tathmini ya athari kwa mazingira, na anayefyeka hawezi kulaumiwa kwa kuua kilichokwisha kutangazwa kuwa hakipo. Wanabiolojia wameliita kosa hili kosa la Romeo, kwa ukumbusho wa kijana wa Shakespeare aliyejiua akidhani mpenzi wake amekufa. Mti wetu wa Lindi ulikuwa katika hali hiyo kwa miaka mitatu kwenye karatasi.

Hata hivyo daraja peke yake halifungi mkono wa mtu. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu mti kutangazwa kuwa wa kuhifadhiwa na inaruhusu vijiji kutenga misitu yao. Kilwa wanajua faida yake: mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilihusika katika cheti cha kwanza barani Afrika cha uvunaji endelevu wa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii, kwa ajili ya mpingo. Kijiji kinachopata pesa halali kutokana na magogo machache kina sababu ya kukataa wavunaji haramu, na chini ya kivuli cha mpingo hupona mimea isiyo na soko lolote. Naona hapo pana nguvu kuliko katika tangazo lolote la kimataifa. Shida ni kwamba Erythrina na Karomia hazina bei, na kijiji hakiwezi kulinda kitu ambacho hakuna aliyekuja kukionyesha. Watathmini huja, hupiga picha, huchukua alama za ramani, kisha ripoti huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa mbali. Nakala ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yenye picha ya jani, tunda na gome, ingepaswa kuwa sehemu ya lazima ya tathmini. Mchoma mkaa, fundi seremala na mrina asali hupita misituni kila wiki, na mti mwingine ambao haujahesabiwa kama upo, wao ndio watakaouona.

Hatua zimeanza kuchukuliwa kwa Karomia. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, pamoja na mtandao wa kimataifa wa bustani za mimea, umekuwa ukishughulikia ulinzi wa miti mama na uoteshaji wa miche. Mwaka 2018 matunda yalipelekwa Bustani ya Mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani, na katika maelfu ya matunda ikapatikana miche michache iliyoishi, na baadaye mmoja ukachanua humo ndani ya nyumba ya vioo. Ni kazi ya subira iliyofanywa vizuri, na inatoa bima endapo moto utapita Kilwa.

Lakini katika daftari la tathmini, mti wa St. Louis ni sifuri. Ukibaki huo tu, spishi itaandikwa kuwa imetoweka porini. Hata mche utakaorudishwa na kupandwa katika msitu wake wa asili hauingizwi mara moja katika hesabu ya waliokomaa: kwanza uishi, utoe maua, matunda yake yaepuke kuvu, na mbegu yake izae mche unaoweza kuishi wenyewe. IUCN nayo huihesabu tathmini kuwa imepitwa na wakati ikifikisha miaka 10. Kwa mti wa mwendo wa polepole kama huu, zitahitajika tathmini kadhaa kabla mche wa leo haujaandikwa popote, na kila moja itamtaka mtu arudi Kilwa, katika mwezi unaofaa, apite njia zilezile na kufungua matunda.